Mwizi Asiyebisha Hodi

Hapa Boko mama akijenga hasahau nondo za madirisha na kufuli la geti. Lakini yuko mwizi asiyepita getini. Huyo sisi tulimfungulia wenyewe.

Tuko akina mama kumi na wanane katika kikoba chetu, na hesabu tulikuwa tukiziweka katika kompyuta ya mweka hazina. Siku ya kugawana ilipofika, mwenzetu alifungua kompyuta mbele yetu akakuta mafaili yote yamebadilishwa majina na hayafunguki. Kwenye kioo palikuwa na barua ikidai dola. Tulinyamaza. Kisha baadhi yetu wakaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho la pembeni, na hilo lilituuma kuliko hata fedha.

Jioni mwanawe wa kidato cha pili alikiri. Alikuwa ameshusha mchezo wa bure kutoka kwenye intaneti, akaelekezwa azime kwanza kinga ya virusi ndipo mchezo ufanye kazi. Akazima. Kirusi kilikuwa ndani ya mchezo.

Hatukulipa, maana anayelipa hana hakika ya kurudishiwa kitu. Kilichotuokoa ni daftari la katibu, ambaye hakuwahi kuacha kuandika kwa mkono. Hesabu zilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Mweka hazina tulimwomba radhi, na machozi yalitutoka.

Balaa hili limewakuta hata wakubwa. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kuziba ufa huo tangu Machi. Wengi walioumia ni wale waliochelewa kuiweka.

Basi dada, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, weka nakala ya kazi zako katika diski ya pembeni, kisha ichomoe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo.

Pili, kompyuta ikiomba kusasishwa, usiiahirishe kila siku. Wenye Windows 10 wajue kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wetu tunanunua kompyuta za mtumba, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Tatu, watoto wawe na akaunti yao isiyoruhusu kuweka programu bila idhini yako.

Nne, usitumie nywila moja kila mahali, na barua pepe iwe na ulinzi wa hatua mbili. Anayeiba barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila zako nyingine zote.

Tano, asikudanganye mtu kwa simu ukamtajia namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli, peleka namba ya aliyeutuma kwenda 15040. Na ukiibiwa, nenda polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakulinda.

Yule kijana hatukumchapa. Sasa ndiye anayetutunzia nakala kila Jumamosi, na mama yake humsimamia. Daftari la katibu nalo bado linaandikwa.