Homa za Ufipa zinaanzia dukani

Sumbawanga, mkoani Rukwa, ni mji wa baridi. Umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikifika sweta ni vazi la kawaida. Mbu wa malaria hapendi hali hiyo, na vimelea vyenyewe hukua polepole mno tumboni mwake penye ubaridi. Lakini teremka kuelekea Muze au Mtowisa, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, unakuta joto, majaruba ya mpunga na madimbwi. Upande wa pili, Kasanga, Kipili na Kirando zimekaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nako malaria ni mwenyeji.

Watu wa juu na wa chini ni wale wale. Mtu ana shamba la mahindi uwandani na la mpunga bondeni, au anafuata samaki ziwani. Anarudi mjini akiwa mzima, na wiki moja au mbili baadaye homa inapanda. Swali linaloamua mengi ni hili: anaipeleka wapi?

Mara nyingi anaanzia duka la dawa. Liko jirani, halina foleni, na mwenye duka anamfahamu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, DLDM, ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa iliyofuata mapema. Kabla yake palikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo hayakuruhusiwa kuuza antibiotiki lakini yaliziuza tu. DLDM ilileta mafunzo kwa wauzaji, ukaguzi na orodha ya dawa halali.

Mwaka 2011 watafiti walifuatilia maduka ya Rukwa na Mtwara wakati dawa mseto ya malaria yenye ruzuku, ile ya pakiti zenye alama ya jani la kijani, ilipoingia sokoni. Ilienea haraka, ingawa maduka ya mbali yalichelewa kuipata. Ni hatua nzuri, ila ina kasoro moja ninayoiona kubwa: ruzuku ile ililipia dawa, haikulipia kipimo. Kwa mji wa baridi kama Sumbawanga hilo lina uzito wa pekee. Mtoto mwenye nimonia anaweza kumezeshwa dawa mseto siku tatu huku kifua kikizidi kubana.

Na kipimo chenyewe si kigumu. Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kitundu cha kibao cha plastiki, yanafuata matone ya kimiminika chake, kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja penye C, hakuna malaria. Miwili, ipo. Mstari wa C usipotokea, kibao kinatupwa na kazi inaanza upya. Vibao vingi vinavyotumika nchini huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mpimaji hana budi kuuliza: umetumia dawa lini?

Maabara za watu binafsi nazo zina lao. Nani hajaambiwa "una wadudu wawili", akapewa na UTI juu yake? Darubini katika mikono yenye haraka huona mengi, na anayelipwa kwa kupima kisha akalipwa tena kwa kuuza dawa ana kishawishi ambacho semina pekee haiwezi kukiondoa. Anahitaji mkaguzi wa kurudia kusoma vioo vyake.

Hata hivyo, tusiwaone watoa huduma binafsi kama wavamizi. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga, ya Jimbo Katoliki, ina jina la Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali ya leo aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu wa huko miongo mingi. Alifariki 1956. Sheria ya 1977 ilizuia tiba ya kibiashara, hospitali za dini zikaendelea, na mlango ukafunguliwa tena 1991.

Kinachokosekana ni daftari. Mgonjwa anayemalizana na duka haingii kwenye takwimu, na mlipuko uwandani unaweza kuanza bila mganga mkuu wa wilaya kujua. Zanzibar ilianza mwaka 2008 kupokea taarifa za malaria kutoka vituoni kwa simu, na leo mgonjwa akibainika wahudumu humfuata nyumbani kupima anaoishi nao. Ufipa, kwenye malaria chache zinazopanda kutoka bondeni, ndiko mahali pa kujaribu mtindo huo, na maduka na maabara binafsi yawemo tangu siku ya kwanza.

Wakati halmashauri zikilitafakari hilo, wewe unayetoka Kirando au Muze na homa, mwambie anayekuhudumia ulikotoka, na udai kipimo kabla ya kidonge. Kwenye vituo vya serikali kipimo hicho hutolewa bure.