Uchungu wa Mboga na Ulimi wa Mwenye Kula

Waalimu wa shule za bweni wamekwisha kuliona jambo hili mara nyingi. Sufuria ya mgagani ni moja, mpishi ni mmoja, chumvi ni ile ile. Ndugu wawili wa tumbo moja wameketi bega kwa bega. Mmoja ala hata akomba sahani, wa pili akunja uso kana kwamba amenyweshwa dawa. Aghalabu huyo wa pili huambiwa kwamba ana kiburi, au kwamba amedekezwa kwao, na pengine hupigwa. Nasi twasema yafaa kwanza aaminiwe, maana ladha iliyomo kinywani mwake huenda isiwe sawa na ile iliyomo kinywani mwa nduguye.

Mwaka 1931 huko Wilmington, katika nchi ya Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akitia unga fulani katika chupa, na vumbi lake likapeperuka. Mwenziwe, C. R. Noller, akanung'unika kwa uchungu wa vumbi lile. Fox, aliyekuwa karibu zaidi, hakuonja kitu. Watu wengine wakaonjeshwa, wakaonekana wamegawanyika vivyo hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba jambo hili hurithiwa, na mwaka 2003 wataalamu wakaipata chembe ya urithi yenyewe, yaani jeni, iitwayo TAS2R38. Jeni hii huunda mlango mmoja wa kuonjea uchungu ulimini, na mtu ana milango ya namna hiyo ipatayo ishirini na mitano. Kila mmoja wetu hupewa nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepata mbili zenye nguvu huuonja uchungu sana. Aliyepata mbili dhaifu huonja kidogo au haonji kabisa. Mwenye moja ya kila namna hukaa katikati. Ndiyo sababu ndugu wawili waweza kutofautiana.

Kabichi, sukuma wiki na mgagani zina vitu ambavyo vyafanana kwa umbile na unga ule wa Fox. Mnavu (wengine bara husema mnafu) una uchungu wa asili nyingine, wala mlango huo si wake. Basi mtu aweza kuchukia sukuma wiki na kupenda mnavu, wala asiwe mwongo.

Hapa lugha yetu yatusaidia, tena yatuponza. Yatusaidia kwa kuwa ina maneno mengi: uchungu wa shubiri, ukali wa pilipili, uchachu wa ukwaju, ukakasi wa ndizi mbichi. Yatuponza kwa kuwa mtoto asiyependa mboga husema tu, "Chungu," nasi twaridhika na neno hilo. Yafaa aulizwe zaidi. Mara nyingi aliyekataa mlenda hakuona uchungu wo wote. Alichokataa ni utelezi.

Uchungu wenyewe ni onyo. Mimea mingi hujilinda kwa sumu, na sumu nyingi ni chungu. Tena watoto huuonja uchungu kuliko watu wazima. Mama wa pwani hakufundishwa kemia, walakini hutwanga kisamvu kinuni na kukichemsha sana kabla ya kutia tui, na kwa kufanya hivyo huiondoa sianidi iliyomo katika majani ya muhogo.

Mbona basi kuna watu waupendao uchungu huo? Wajaluo na Wakisii hupika mgagani na mnavu kwa maziwa, huacha chakula kilale, kesho yake hukipasha moto na kuongeza maziwa tena. Si anasa: protini ya maziwa hushikamana na baadhi ya vitu vichungu, na chumvi nayo huupunguza uchungu ulimini. Tena mtoto huanza kujifunza mapema kuliko tudhanivyo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia walitangaza kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti walipokuwa na mimba, au walipokuwa wakinyonyesha, waliipokea ladha ya karoti kwa uso mzuri zaidi. Basi mtoto wa Kisii huenda aliijua mboga yake kabla hajazaliwa, na mgeni aliyeajiriwa kule ukubwani hawezi kushindana naye kwa juma moja.

Lakini kuna chuki isiyotoka ulimini hata kidogo. Mlenda wa namna moja ndio mulukhiya wa Misri, na Khalifa al-Hakim, aliyetawala toka 996 hata 1021, aliupiga marufuku. Husimuliwa kwamba sababu ni kuwa Muawiya, adui wa Ali, aliupenda. Mboga ilihukumiwa kwa ajili ya mlaji wake! Tusimcheke sana. Shuleni kwetu kabichi iliitwa mboga, na mgagani ukaitwa majani ya porini. Mtoto alijifunza kuona haya kwa chakula cha nyanyake, kisha akasema ni kichungu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya amefanya kazi ya miaka mingi kuzirudishia mboga hizi heshima yake, naye ameonyesha kwamba nyingi zapita kabichi kwa madini na vitamini.

Kwa mwalimu mwenye jiko la shule, twaona njia ya akina mama ndiyo bora: mgagani uchanganywe na mchicha au majani ya kunde, ambayo ni matamu zaidi, na maziwa yatiwe yakipatikana. Anayekataa apewe kijiko kimoja tu, bila fimbo, na kesho tena kimoja. Mara nyingi huchukua siku nane au kumi za kuonja kabla uso haujakunjuka, na kwa wengine haukunjuki. Hao wapewe mchicha.