Washauri wa biashara vyuoni: Wanaokuuliza daftari kabla hujakopa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MFANYABIASHARA mdogo wa Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, anapoona duka au genge lake linadorora, wazo la kwanza linalomjia huwa ni moja tu: mtaji hautoshi, atafute mkopo.

Wazo hilo linaweza kuwa sahihi, lakini linaruka swali linalopaswa kutangulia: biashara yenyewe inaleta faida? Kumsaidia mtu kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya watumishi wa vituo vya ushauri wa biashara ndogo vilivyo ndani ya vyuo vikuu.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ulianzia Marekani mwaka 1976, katika chuo kikuu cha California State Polytechnic kilichopo Pomona. Mwaka 1980 sheria ilipitishwa kuuendeleza, na sasa kuna mtandao wa vituo vya namna hiyo nchi nzima. Serikali kuu hutoa sehemu ya fedha, na wenyeji wa kituo, hususan vyuo, huchangia sehemu nyingine. Mteja hukaa ana kwa ana na mshauri bila kulipa chochote, na siri zake hazitoki nje.

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Kituo cha Ujasiriamali (UDEC), ambacho katika miaka ya 2000 kiliongozwa na Dk. Donath Olomi. Hicho ndicho kipindi ambacho Serikali ilitoa Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo, mwaka 2003. Sera hiyo iliitaja biashara ndogo sana kuwa ni yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi Sh5 milioni. Kwa kipimo hicho, magenge na vibanda vingi tunavyovifahamu mitaani vimo humo.

Je, watumishi hawa ni kina nani? Kwa kawaida kituo huwa na mkurugenzi, washauri wachache wa kudumu, wahadhiri wanaoitwa kwa masuala ya kitaalamu kama hesabu, sheria na masoko, pamoja na wanafunzi wanaofanya utafiti wa soko. Mshauri bora si lazima awe mwenye shahada kubwa kuliko wenzake. Aliyewahi kuendesha duka au kukaa dirisha la mikopo benki huiona haraka mianya ambayo vitabu havikuitaja.

Ikumbukwe kuwa mshauri hakopeshi na hakusanyi kodi. Hapo ndipo anapotofautiana na benki, na hata na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambalo pamoja na kutoa mafunzo hukopesha pia. Kwa kuwa hana cha kumdai mteja, mshauri anaweza kumwambia ukweli usiopendeza.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama anayefungasha senene. Anauza pakiti moja Sh5,000 na anaamini anapata faida nzuri. Mshauri anamketisha na kumwomba ataje kila gharama: senene wabichi Sh3,000, kifungashio Sh500, mkaa na mafuta Sh700, usafiri Sh500. Jumla Sh4,700. Kinachobaki ni Sh300, na bado hajajilipa jasho lake.

Mama huyo akichukua mkopo wa Sh500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ile mikopo ambayo mitaani huitwa "kausha damu", atalazimika kuuza zaidi ya pakiti 330 ili kulipa riba pekee. Kabla ya kukopa, anahitaji kupunguza gharama, kupandisha bei au kutafuta soko jingine. Na kwa kuwa senene huja kwa msimu, ni lazima pia apange namna fedha zitakavyozunguka katika miezi ambayo hawapatikani.

Faida ya daftari huonekana hata kwenye kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya Sh6 milioni kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh100,000. Mwenzake mwenye mauzo kama hayo, ila anatunza kumbukumbu, alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh4 milioni, yaani Sh60,000. Sh40,000 zilipotea kwa kukosa daftari tu.

Hata hivyo, huduma hii ina kasoro zake. Mhadhiri hupimwa kwa kufundisha na kuandika tafiti, hivyo muda wa kumsikiliza muuza ndizi huwa finyu. Lugha ya darasani ni Kiingereza, ilhali hesabu za sokoni hufanywa kwa Kiswahili na Kihaya. Zaidi ya hayo, geti la chuo huwatisha wengi, wakidhani ndani hakuna linalowahusu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Bukoba na Muleba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepanga kampasi mkoani Kagera, katika eneo la Itahwa, kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021. Majengo pekee hayatamfikia mama wa senene. Atakayemfikia ni mtumishi aliyepewa muda wa kutosha, anayezungumza lugha yake, na aliye tayari kushuka hadi Rwamishenye badala ya kumsubiri ofisini.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mshauri ni kuhakikisha habari hizo zinamfikia mwenye mali mapema, kabla hajaweka saini kwenye karatasi ya mkopo.