Kuzima, Kusimama na Kukata: Upimaji wa Mifumo ya Usalama katika Mota za Viwandani

Pengine msomaji atauliza mota za umeme zimeingiaje katika jarida la Kiswahili. Ukweli ni kuwa zimekwisha kuingia katika maisha ya wasemaji wake. Mkazi wa Mwala huyaona mahindi yakisagwa katika kinu cha posho kinachozungushwa na mota. Naye kijana wa huko anayepata kibarua katika viwanda vya saruji na chuma vya Athi River, kaunti iyo hiyo ya Machakos, hukutana na mota kubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kitufe chekundu cha mitambo hiyo hakina budi kupimwa kila baada ya muda, na jinsi kitenzi 'kuzima' kinavyoweza kumponza mpimaji.

Kifaa kinachozimwa kila jioni hujipima chenyewe: kikiharibika, mwenyewe atajua siku hiyo hiyo. Kitufe cha dharura sicho hivyo. Huweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, ncha za swichi zikashikana kwa joto, na mashine ikaendelea kufanya kazi bila dalili yoyote. Hitilafu ya namna hii haijitangazi. Hugunduliwa na mpimaji, au na mtu ambaye nguo yake imekwisha kunaswa na ukanda.

Katika viwanda vikubwa, kasi ya mota hutawaliwa na kiendeshi cha kielektroniki. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61800-5-2, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2007, kinaeleza kazi ya usalama ifahamikayo kwa herufi STO: kuzuia mapigo yanayoziamrisha transista, ili mota ikose nguvu ya kuzungusha. Mara nyingi amri hiyo hupitia njia mbili, moja ikifa nyingine iokoe. Hapa ndipo penye mtego. Fundi akibonyeza kitufe na kuona mota inatulia, hajathibitisha lolote kuhusu njia ya pili. Huenda ilikufa zamani. Hivyo basi kila njia hupimwa peke yake. Kisha kitufe kikiachiliwa, mashine haipaswi kuanza yenyewe. Sharti ingoje amri mpya.

Na upimaji ufanywe mara ngapi? Kwa swichi za milango ya kinga ambazo hufunguliwa kwa nadra, kiwango cha ISO 14119 kinataka angalau mara moja kwa mwezi pale usalama wa daraja la juu kabisa unapohitajika, na mara moja kwa mwaka kwa daraja linalofuata.

Sasa turudi kwenye lugha. Baada ya STO kutenda, sisi husema mashine 'imezimwa'. Lakini rotori bado inazunguka kwa kasi iliyokuwa nayo. Mzigo ulioning'inizwa unaweza kuporomoka usipokuwa na breki. Na umeme ungali ndani ya kiendeshi. Hata umeme wa nje ukikatwa, kapasita hubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Anayesikia 'imezimwa' akafungua kifuniko anaweza kufa kwa neno hilo. Kwa maoni yangu, tungetenga maneno matatu: mota 'imelegea' (haina nguvu ya kuzungusha), 'imesimama' (haisogei), na umeme 'umekatwa'. 'Kulegea' si istilahi ya kamusi, nakubali, ila fundi yeyote ataielewa pasi na kufafanuliwa.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inadai kuwepo na kutunzwa kwa vifaa vya kukata nguvu upesi mahali penye mitambo ya kupitisha nguvu. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali zamu hukabidhiwa kwa Kiswahili, aghalabu kwa mdomo. Daftari la upimaji lingeweza kusomeka hivi: 'Njia ya kwanza imefunguliwa peke yake: mota imelegea. Njia ya pili vilevile. Rotori imesimama baada ya sekunde 12. Kitufe kimeachiliwa: mota haikuanza. Umeme haujakatwa.'