Ukuta wa bingwa hukarabatiwa kiangazi

KIANGAZI kimeingia Bonde la Kilombero. Mpunga umevunwa, magunia yanasubiri bei, na kwenye vijiwe vya Ifakara stori ni moja tu, usajili. Ukimsikiliza mtu wa Yanga au wa Simba, mazungumzo yanaanzia kwa mshambuliaji na kuishia kwa mshambuliaji. Nani anakuja kufunga? Nani anavaa namba 10? Beki akitajwa, mara nyingi ni kwa sababu kuna bao alilosababisha.

Hapo ndipo wengi wanapopitwa. Yanga imemaliza msimu wa 2024/25 ikiwa bingwa kwa mara ya nne mfululizo, taji la 31 katika historia yake. Majina ya washambuliaji yamebadilika kila mwaka na makocha wamebadilika pia. Kazi ambayo haijasimama ni ile ya kuurekebisha ukuta baada ya kila ubingwa, wakati watu wengine bado wako kwenye sherehe.

Wakulima wa skimu za umwagiliaji za bondeni wanalielewa jambo hili bila kufundishwa na kocha. Kingo za jaruba hazirekebishwi maji yakiwa yameshajaa. Zinarekebishwa shamba likiwa kavu, na anayesema kingo zilihimili mwaka jana kwa hiyo zitahimili na mwaka huu, ndiye anayekuja kulia Machi.

Mabao 18 yaliyofichwa na kombe

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa 2021/22 Yanga ya Nasreddine Nabi ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Katika mechi 30 iliruhusu mabao 8 tu. Golini alikuwepo Djigui Diarra kutoka Mali. Kulia alikuwepo Mkongomani Djuma Shaban, na Yannick Bangala, Mkongomani mwingine, alicheza beki wa kati leo na kiungo mkabaji kesho. Bangala ndiye aliyeondoka na tuzo ya mchezaji bora wa msimu.

Msimu uliofuata, 2022/23, Yanga ikabeba tena kwa pointi 78. Mashabiki walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila kwenye msimamo kulikuwa na tarakimu moja ambayo watu hawakuijali. Mabao ya kufungwa yalipanda kutoka 8 hadi 18, zaidi ya mara mbili.

Dalili zilionekana mapema. Novemba 29, 2022, Ihefu waliichapa Yanga 2-1 kule Mbarali na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Aprili 2023 Simba nao wakashinda dabi 2-0, na bao la kwanza likaingia dakika ya kwanza tu kwa kichwa cha beki wao, Henock Inonga. Kisha ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikaenda Algiers Juni 3 na kushinda 1-0, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mabao yale mawili ya nyumbani ndiyo yaliyoamua.

Timu nyingi zikifika hapo huishia kwenye kombe la ligi na kusema mambo safi. Kombe lina tabia ya kuficha nyufa.

Uamuzi uliouma

Bao la Yanga kule Algiers lilifungwa na Djuma Shaban kwa penalti ya mapema. Ni beki aliyecheza fainali ya Afrika ugenini, akabeba presha ya uwanja mzima na kutikisa wavu. Wiki chache baadaye akapewa mkono wa kwaheri. Bangala, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka mmoja tu nyuma, akaondoka naye na kutua Azam FC.

Kiangazi kile cha 2023 kelele zote zilikuwa kwingine. Nabi ameondoka. Mayele kaenda Misri. Feisal Salum kahamia Azam. Kuondoka kwa mabeki wawili kulipita kama upepo, wakati kwa hesabu za ukuta ndiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zote.

Kwa nini iwe kubwa? Kanuni za ligi zinairuhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, hivyo kila mgeni ni kiti na viti vinahesabika. Bingwa anayetaka kufika mbali Afrika hawezi kumaliza viti vyake nyuma halafu akabaki na mshambuliaji mmoja wa maana. Djuma na Bangala walipoondoka, viti viwili vilibaki wazi.

Kiti kimoja alipewa Yao Kouassi Attohoula kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Kingine akapewa Gift Fred kutoka SC Villa ya Uganda. Kushoto akaongezwa mzawa, Nickson Kibabage, akitokea Singida. Kocha mpya, Miguel Gamondi wa Argentina, akakabidhiwa ukuta wenye sura mpya pembeni na sura zilezile katikati.

Si kila kitu kilifanikiwa. Gift Fred alishindwa kuipenya safu ya kati na hakuacha alama. Lakini Yao aliingia na moto. Mashabiki wakambatiza jina la Jeshi, na Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, krosi iliyozaa bao la kwanza la Kennedy Musonda ilitoka mguuni kwake.

Mwisho wa msimu Yanga ilikuwa na pointi 80 na mabao ya kufungwa 14. Afrika nako, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi Sundowns walicheza dakika 180 bila kupata bao. Walipita kwa penalti.

Katikati paliachwa kwa wazawa

Kuna kitu ambacho Yanga haikukigusa katika miaka yote hiyo, nacho ni beki wa kati wa Kitanzania. Bakari Mwamnyeto alichukuliwa Coastal Union ya Tanga mwaka 2020. Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar Januari 2021. Ibrahim Hamad 'Bacca' akaja kutoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Watatu hawa wamepishana, wameumia, wamefungiwa, wamekaa benchi, lakini wamebaki.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa wa Mwamnyeto. Ni nahodha, na msimu wa 2023/24 Job na Bacca walikuwa wameshaikamata nafasi. Hapo klabu nyingi huuza, au mchezaji mwenyewe hukasirika na kuondoka. Mwaka 2024 akaongezwa mkataba. Vijiweni kuna waliouliza nahodha wa benchi ana kazi gani.

Jibu lilikuja Novemba.

Siku tano za Novemba

Kiangazi cha 2024 mabadiliko yalikuwa kushoto. Joyce Lomalisa aliagwa, akaja Mkongomani mwenzake Chadrack Boka kutoka FC Lupopo. Msimu wa 2024/25 ukaanza kama ndoto. Mechi nane za mwanzo, ushindi mara nane, na hakuna bao lililoingia.

Novemba 2 Bacca alipata kadi nyekundu mapema dhidi ya Azam, Yanga ikalala 1-0. Novemba 7, bila Bacca anayetumikia adhabu, Tabora United wakapiga 3-1. Ndani ya siku tano ukuta ambao haukuwa umeguswa uliruhusu mabao manne, na kabla mwezi haujaisha Gamondi alikuwa ameshafungashiwa virago.

Sasa fanya hesabu. Msimu mzima Yanga ilifungwa mabao 10. Ukitoa yale manne, yanabaki sita katika mechi 28. Hiyo ni timu iliyobadilisha makocha, kutoka Gamondi kwenda Sead Ramovic na baadaye Miloud Hamdi, na ikakaa muda mrefu bila Yao aliyekuwa majeruhi. Kilichoibeba ni watu wa benchi. Mwamnyeto alikuwepo. Kibwana Shomari, anayecheza kulia na kushoto, alikuwepo. Katikati ya msimu akaongezwa Israel Mwenda kwa mkopo kutoka Singida.

Hapo ndipo nahodha wa benchi alipoonekana ana kazi gani. Beki wa akiba ni kama mtumbwi wa pili kwenye Mto Kilombero. Siku zote unaonekana mzigo, mpaka ule wa kwanza utoboke.

Matofali ya Manungu

Kwa mtu wa Ifakara habari hii si ya Jangwani peke yake. Bonde lina miwa, lina kiwanda cha sukari pale Kidatu, lina vijana wanaocheza ndondo kutoka Mlimba hadi Mang'ula, na ng'ambo ya mto hadi Mahenge na Malinyi. Timu ya Ligi Kuu halina. Timu ya sukari ya mkoa ni Mtibwa, na kuifikia ni safari ya kupita Kidatu, Mikumi na Morogoro mjini, kisha Dakawa na Magole mpaka Turiani.

Lakini angalia majina. Dickson Job katoka Mtibwa. Kibwana Shomari katoka Mtibwa. Kibabage, kabla ya kwenda kucheza Morocco na baadaye Singida, alikuwa Mtibwa. Wote watatu walikuwemo kwenye kikosi cha Serengeti Boys kilichocheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gabon mwaka 2017. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ukuta wa bingwa ilifyatuliwa kwenye tanuri moja, na tanuri hilo liko mkoani Morogoro.

Upande wa pili wa stori hiyo unauma. Kibwana aliondoka Manungu 2020, Job akafuata miezi michache baadaye. Mtibwa, iliyokuwa bingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, iliendelea kuyumba hadi ikashuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24. Kuuza mabeki hakukuwa sababu pekee, lakini timu inayouza mabeki wake bora inatakiwa iwe na wengine jikoni. Sasa imerudi Ligi Kuu ikiwa bingwa wa Championship, na inakabiliwa na swali lilelile la Yanga kwa bajeti ndogo zaidi: ukuta uliokupandisha, utakufaa huku juu?

Ukuta peke yake hautoshi

Ni haki kusema pia kwamba beki hakuleti ubingwa peke yako ukiwa umejisahau mbele. Simba ilibeba taji la nne mfululizo msimu wa 2020/21. Kiangazi chake ikamleta Inonga kutoka DC Motema Pembe kuimarisha ulinzi, lakini ikawauza Clatous Chama na Luis Miquissone. Msimu uliofuata ubingwa ukahamia Jangwani na haujarudi Msimbazi mpaka leo. Simba iliziba nyuma na kutoboa mbele.

Tofauti ya Yanga ni kwamba iliwaamini wazawa katikati, ikabaki na viti vya kutosha vya wageni kwa ajili ya kina Stephane Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli.

Dirisha la sasa

Ndiyo maana usajili wa kiangazi hiki unahitaji kuangaliwa kwa macho mawili. Mohamed Hussein 'Tshabalala', nahodha wa Simba aliyekaa Msimbazi tangu 2014 alipotoka Kagera Sugar, amevuka barabara na kuvaa kijani na njano. Kelele zote ni za usaliti na kejeli za watani. Kiufundi ni uamuzi unaofuata mstari uleule. Ni beki wa kushoto mzoefu, mzawa, asiyekula kiti cha mgeni, na anampa Boka mtu wa kumsukuma.

Frank Assinki, Mghana kutoka Singida Black Stars, ni habari nyingine. Huyu ni beki wa kati na ni mgeni. Kwa mara ya kwanza tangu ajaribiwe Gift Fred, Yanga inatumia kiti katika eneo ambalo Job, Bacca na Mwamnyeto wamelifanya lao. Ama klabu imeona ufa ambao mashabiki hawajauona, kama ilivyouona mwaka 2023, au inakarabati sehemu ambayo haijabomoka.

Kijana wa Ifakara anayecheza namba 4 kwenye ndondo ana sababu ya kufuatilia kuliko hata anayecheza namba 9. Kwa miaka minne nafasi ya beki wa kati kwa bingwa wa nchi imekuwa ya Watanzania, na njia ya kuifikia ilipita ndani ya mkoa wake. Ikianza kwenda kwa wageni, njia hiyo inakuwa nyembamba. Msimu ujao, Assinki akianza, tazama nani ametolewa. Na Mtibwa ikifungwa, tazama kama nyuma kuna kijana mpya wa miaka 19 au 20. Majibu ya kiangazi hiki yatakuwa hapo, mvua zitakapoanza.