Samaki ya kuoka, chakula chepesi kisha kazi

Ndugu wafanyakazi, sisi wote tunajua namna tunavyotoka ku kazi ya usiku: vumbi, uchovu na njaa. Basi tunakaanga Thomson mu mafuta mingi, tunaongeza chumvi na kube mbili. Siku moja munganga anatuambia: tansio imepanda. Ku kazi tunapigania maski na kofia, lakini ku meza tunajisahau.

Hata nyumba isiyo na furu inaweza kuoka. Tunaacha barafu iishe, tunasafisha samaki, tunaikata mistari mitatu kila upande, tunaipaka ndimu, vitunguu saumu, tangawizi na chumvi kidogo. Mu sufuria nzito tunatandika vitunguu na nyanya, tunalaza samaki juu, kijiko kimoja cha mafuta, tunafunika. Makala kidogo chini, mingi juu ya kifuniko. Kisha dakika 30 hivi tunaangalia: nyama ikiachana na mfupa, imeiva.

Tunakula na bukari na lengalenga. Na sisi wanaume tusiache mama peke yake ku mbabula. Mwili ndio chombo chetu cha kwanza cha kazi; hakuna kampuni itakayotununulia mwingine.