Rudolstadt katika Safari ya Seyyida Salme
Tukimtaja Seyyida Salme binti Said, twakumbuka Mtoni alikozaliwa mwaka 1844, na Hamburg alikofiwa na mumewe mwaka 1870. Rudolstadt twaisahau, ingawa mjane huyo aliishi huko pia na wanawe watatu.

Mji huo wa Thüringen uko kando ya mto Saale, chini ya kasri la Heidecksburg, makao ya watawala wa Schwarzburg-Rudolstadt hadi 1918. Tangu 1994 umo katika wilaya ya Saalfeld-Rudolstadt, nchi ya milima na misitu. Bahari iko mbali mno; kwa binti wa pwani, si jambo dogo.

Saale hupita Jena, alikofariki mwaka 1924, kisha huingia Elbe, iendayo Hamburg, alikozikwa.